Nimerudia muvi zote za Godzilla na Kong: zipi za kuangalia na zipi utazivumilia tu

Sasa nimemaliza. Wiki mbili mfululizo kila usiku dubwana mmoja kwenye skrini, Godzilla yule mjusi mkubwa wa baharini au Kong yule sokwe mkubwa, nimerudia muvi zote tano za ule mfululizo wa Marekani wanaouita MonsterVerse, kuanzia ya 2014 mpaka ya 2024, nikaongeza na tamthilia yao, halafu nikarudi nyuma kabisa kwa Wajapani kuona haya mambo yalianzia wapi. Naandika hapa kwa sababu kila mtu akiuliza aanze na ipi anajibiwa "anza na ya kwanza" basi, na mi naona hilo jibu linawapoteza watu wengi, wanaangalia nusu saa wanaboreka wanaacha.

Kuna msemo wa wazee wetu, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mi muvi hizi zote siku hizi nazipima kwa huo msemo tu. Najiuliza kamera wameiweka wapi, wameiweka chini kwenye nyasi au wameipandisha begani kwa tembo? Ikiwa chini kwenye nyasi nasisimka mpaka nywele zinasimama, ikipanda begani nafurahi kidogo halafu kesho nimeshasahau. Na ukizipanga kwa miaka utaona kamera inapanda kidogo kidogo, muvi baada ya muvi, mpaka hii ya mwisho nyasi hazionekani kabisa.

Godzilla ya 2014, ya mwongozaji Gareth Edwards. Hii ndo inayolalamikiwa kuliko zote, kwamba jina la muvi ni Godzilla halafu Godzilla mwenyewe humuoni, unasubiri karibu saa nzima ndo anatokea pale uwanja wa ndege Honolulu, anainuka, anaachia ule mngurumo, wewe umeshakaa sawa unasema sasa ndo sasa, wanakata sini wanakupeleka sebuleni kwa mtoto anaangalia lile pambano kwenye tivii. Mara ya kwanza nilikasirika kwelikweli nikaona nimeibiwa. Hii mara ya tatu nimeelewa jamaa alikuwa anatafuta nini. Ukiangalia vizuri karibu kila ukimuona Godzilla kuna kitu kimekaa katikati yako na yeye, mlango wa handaki unaofungwa huku watu wanasukumana kuingia, moshi, kioo, miwani ya askari anayeshuka na parachuti. Huyu dubwana ana mita 108, yaani chukua uwanja wa mpira uusimamishe wima bado hujamfikia, sasa kitu cha ukubwa huo binadamu hawezi kukiona chote kwa mara moja, anaona mguu, anaona mkia unapita juu ya nyumba, basi. Muvi nyingine zinakwambia ni mkubwa. Hii inakufanya uwe mdogo wewe.

Ile sini ya maaskari kuruka kutoka kwenye ndege juu ya San Francisco, wamefungwa miale myekundu miguuni, wanapita kwenye mawingu meusi, na ile kwaya ya mtunzi Ligeti inalia kama watu wanaomboleza, wanatokea chini ya wingu wanakuta ukuta wa magamba unapita mbele yao. Jamani. Nimeirudisha mara nne usiku ule ule.

Ubaya wake ni binadamu. Bryan Cranston anaanza vizuri sana, mzee anayelilia mke wake aliyekufa kwenye kinu cha nyuklia, unamwamini kabisa, halafu wanamuua mapema mno na steringi anabaki mwanawe, Aaron Taylor-Johnson, ambaye kazi yake ni kufika tu kila mahali dubwana lilipo. Anayebeba upande wa watu ni Ken Watanabe, anacheza mwanasayansi Dokta Serizawa, na kile kisaa cha baba yake kilichosimama saa mbili na robo asubuhi, siku ya bomu la Hiroshima. Anakitoa mfukoni anamwonyesha admirali anayetaka kutumia nyuklia, wala hahutubii. Muvi nzima iko kwenye kile kisaa. Naipa nane kwa kumi na naitetea popote.

Kong: Skull Island ya 2017 ni chakula kingine kabisa, mambo ni mwaka 1973, vita vya Vietnam ndo vinaisha, helikopta zinaingia kisiwani muziki juu, mabomu yanadondoshwa ati ni utafiti, na kabla hujapumua mti mzima umerushwa kama mkuki umepita kwenye helikopta. Hapa hakuna kufichwa, Kong unapewa mapema, amesimama jua limemkaa mgongoni. Na bado inafanya kazi, kwa sababu wanaendelea kutuweka ndani ya helikopta na ndani ya tope na wale watu. Samuel L. Jackson anacheza kanali ambaye vita imeisha ila yeye hajaisha, anamtafuta Kong kama anatafuta kisingizio cha kutorudi nyumbani, na John C. Reilly ni rubani aliyedondoka pale kisiwani tangu 1944, unacheka naye muvi nzima halafu dakika za mwisho anakutoa machozi. Picha nazo ni nzuri kuliko za muvi zote hizi, kijani na machungwa na njano, baadhi ya sehemu walipiga Vietnam kwenyewe na inaonekana. Kama una mtu hajawahi kabisa kuangalia muvi za madubwana muanzishie hii. Nane pia.

Halafu King of the Monsters ya 2019, na hapa nina maneno mengi, maana hii ndo naipenda kwa moyo na kunikera kwa kiasi kile kile.

Mwongozaji Michael Dougherty anawapenda hawa viumbe, hilo halina ubishi. Ghidorah ana vichwa vitatu na kila kichwa kina tabia yake, kuna cha kati ndo bosi, cha pembeni kinashangaa shangaa kinalamba maiti mpaka bosi anakichapa, na walitumia waigizaji watatu, kila kichwa na mtu wake, ndo maana vinagombana kama ndugu. Rodan anatoka kwenye volkano Mexico, anapita juu ya mji na upepo wa mabawa yake peke yake unafagia watu na magari, hiyo ni sini ya nyasi kabisa, dubwana wala hajui kama kuna mji pale chini. Mothra anafungua mabawa chini ya maporomoko ya maji kwenye mwanga wa bluu, ni kitu kizuri mno mpaka kinatuliza. Muziki wa Bear McCreary umechukua ile mada ya zamani ya Godzilla aliyoitunga Akira Ifukube mwaka 1954 na wimbo wa Mothra wa Yuji Koseki akavipa ngoma na kwaya, nakuomba uusikilize kwa hedifoni.

Sasa kinachokera. Karibu kila pambano ni gizani, kuna mvua, kuna theluji, kuna vumbi, skrini imejaa uchafu mpaka unakunja macho. Na kila madubwana yakishikana wanakata wanakupeleka kwa mtu ndani ya ndege anasema "Mungu wangu". Utaniuliza, mbona silipendi hilo wakati nimesema nataka kamera chini kwa watu? Hapana, hapa ndo penyewe. Wale watu hawako chini, wako kwenye ndege yao na vioo na kompyuta, wanaelezana kinachotokea kama watangazaji wa mpira, hakuna anayekimbia, hakuna anayemtafuta mwanawe kwenye kifusi isipokuwa ile familia moja ambayo mama ndo kayafungulia madubwana makusudi ati kuokoa dunia, na muvi inataka tumuonee huruma. Mi sikuweza. Niliyemlilia ni Serizawa tena, anashuka peke yake chini ya bahari na bomu la nyuklia kwenda kumwamsha Godzilla, mtu ambaye baba yake alipitia Hiroshima, anavua glovu anamgusa pua yule mnyama anamuaga kama rafiki wa zamani. Dakika zile tatu zingekuwa muvi peke yake ningeipa kumi. Ilivyo, saba.

Godzilla vs. Kong ya 2021 imeenda kwa mwongozaji Adam Wingard, naye alisema wazi kwa vitendo kwamba yeye anataka ngumi. Na ngumi zimetoka. Mafahali wawili zizi moja, huna haja ya stori ndefu, wanakutana juu ya meli ya vita wanachapana mpaka inaelemea upande, halafu Hong Kong usiku na yale mataa ya waridi na bluu, na kwa mara ya kwanza kwenye mfululizo huu unaona kila pigo limetua wapi. Baada ya matope ya 2019 ni kama mtu kakufutia miwani.

Kong ilibidi akuzwe. Kwenye Skull Island alikuwa na kama mita 32 na wakasema bado anakua, hapa amefika mita 102, vinginevyo Godzilla angemkanyaga tu yaishe. Na ndiye steringi hasa, maana ana mikono na ana uso, anaweza kuchoka, kuhuzunika, kudanganya. Kitu kilichonigusa ni binti mdogo Jia, haongei, wanaongea kwa lugha ya ishara yeye na Kong, na mwigizaji wake Kaylee Hottle ni kiziwi kweli, kwa hiyo ile mikono haibahatishi. Sauti yote inakatika, unabaki na mapigo ya moyo ya jitu lile na kidole cha mtoto, hapo kamera imerudi chini kwenye nyasi bila hata jengo kuanguka. Ile stori ya pili, ya wale wanaochunguza kampuni na roboti la Godzilla, unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi hujapoteza kitu. Saba na nusu.

The New Empire ya 2024, bado Wingard, ndo iliyoingiza hela kuliko zote, zaidi ya dola milioni 570 duniani kote, kwa hiyo walio wengi wameipenda na sitaki kumharibia mtu furaha yake. Nami kuna sehemu nimeipenda. Kuna vipande virefu kabisa hakuna binadamu hata mmoja, ni Kong na yule mtoto mtukutu Suko wanasafiri, hawana neno hata moja na unaelewa kila kitu, nani anamwogopa nani, nani ana njaa, nani anadanganya, na lile jitu jekundu Skar King ukimwona tu anavyokaa kwenye kiti unajua huyu ni mtawala mbaya. Waliofanya uhuishaji wa zile nyuso wanastahili heshima yao yote.

Ila uzito umekwisha. Ngoja nieleze maana watu wanasema "grafiksi mbaya" na si kweli, grafiksi ni nzuri, tatizo ni spidi na vipimo. Kitu kikianguka kutoka mita 100 kinachukua zaidi ya sekunde nne kufika chini, ndo fizikia ilivyo, kwa hiyo jicho letu limezoea kwamba kikubwa kinaonekana kinaenda polepole. Wajapani walilijua hili zamani, Eiji Tsuburaya, fundi wao wa picha za madubwana, alipokuwa anampiga picha mtu ndani ya suti ya mpira alikuwa anaendesha kamera kwa spidi kubwa kuliko kawaida, halafu ikichezeshwa kwa spidi ya kawaida kila hatua inakuwa nzito, jengo la mfano linamomonyoka taratibu kama jengo la kweli. Edwards naye 2014 alimfanya Godzilla atembee kama mlima. Hapa Godzilla anakimbia, anaruka, anabebana na Kong kama wanamieleka, na sehemu kubwa ya muvi iko huko chini ya ardhi, kwenye ile dunia ya ndani, ambako hakuna nyumba, hakuna gari, hakuna mtu wa kumpimia. Kong wa mita 100 kwenye msitu wenye miti mikubwa kama yeye ni nyani wa kawaida msituni. Kuna pambano wanaelea hewani hawana hata uzito, yaani kile kitu kimoja ambacho madubwana yanacho kuliko viumbe wote wamekiondoa kabisa. Na Rio inavunjwa, na piramidi za Misri zinavunjwa, na simwoni hata mtu mmoja wa kumhofia. Sita, na hizo sita ni za Kong na Suko.

Ndo maana nilishangaa niliporudi kwenye tamthilia, Monarch: Legacy of Monsters, ya 2023, episodi kumi sizoni ya kwanza. Madubwana ni machache, bajeti ya tivii, lakini stering wake Cate ni mwalimu aliyekuwa kwenye basi la shule pale darajani San Francisco siku ile ya 2014, lile lile daraja tuliloliona kwenye muvi, na wanafunzi wake wengine hawakutoka. Mwaka mmoja baadaye bado anaiona ile siku kila akifumba macho. Nani kwenye hizi muvi alishawahi kuuliza nyasi zinalalaje usiku baada ya tembo kuondoka? Tamthilia inauliza. Na Lee Shaw anachezwa na baba na mwana, Kurt Russell akiwa mzee na Wyatt Russell akiwa kijana miaka ya 1950, ujanja mzuri sana, unaona mtu yule yule kweli. Katikati inazubaa, episodi mbili tatu ni kutembea na kugombana tu, ila vumilia.

Sasa Wajapani. Watu wanadhani dunia ya pamoja ya filamu, steringi wa muvi hii anakutana na wa muvi ile, ilianzishwa na mashujaa wa Marvel mwaka 2008. Toho, ile kampuni ya Kijapani yenye Godzilla, walishafanya zamani. Rodan alikuwa na muvi yake 1956, Mothra ya kwake 1961, halafu 1964 wakawakutanisha na Godzilla ili wamkabili Ghidorah, na kabla ya hapo 1962 Kong alishapigana na Godzilla, ndo mara ya kwanza wote wawili kuonekana kwa rangi. Kwa hiyo MonsterVerse hawakubuni mchezo, waliuchukua umeshachezwa.

Na ile ya kwanza kabisa, Gojira ya Novemba 1954, usiiogope kwa sababu haina rangi. Mwezi Machi mwaka huo Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule visiwa vya Bikini, bahari ya Pasifiki, vumbi lake likawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani kwenye boti yao, mmoja akafariki Septemba, na muvi inaanza na meli inaungua kwa mwanga wa ajabu baharini. Waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa. Mwongozaji Ishiro Honda alishapita Hiroshima baada ya vita akayaona magofu kwa macho yake. Kuna mama amekaa chini na wanawe Tokyo inawaka, anawaambia muda si mrefu wataenda alipo baba yao. Haoneshwi Godzilla akimgusa. Ule mngurumo wenyewe ni glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu ikaburuzwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa la kusimama, miaka 70 imepita na bado mingurumo ya Godzilla wa baadaye inaufuata huo.

Halafu Godzilla Minus One ya 2023, hii haimo kwenye mfululizo wa Marekani, ni ya Toho wenyewe, na ndiyo bora kuliko zote nilizotaja. Takashi Yamazaki kaandika, kaongoza, kasimamia na grafiksi mwenyewe, timu ya watu 35, picha 610 za grafiksi, bajeti chini ya dola milioni 15, na Machi 2024 wakachukua Oscar ya grafiksi, ya kwanza kwa Godzilla tangu azaliwe. Rubani aliyetakiwa kufa vitani hakufa, na anaishi na aibu hiyo kwenye nchi iliyobaki majivu, halafu dubwana anakuja juu ya majivu. Kuna kiboti cha mbao kinakimbia baharini na lile kichwa linafuata nyuma, maji yako usawa wa macho yako muda wote. Hapo kamera haiko hata kwenye nyasi, iko kwenye mizizi. Tisa na nusu, na hiyo nusu nimebana tu kwa sababu ya jambo moja la mwishoni ambalo nisingetaka litokee, ukiiangalia utalijua.

Mi ningekupangia hivi: Skull Island ya 2017, halafu ya 2014, halafu ruka moja kwa moja Minus One ili ujue kipimo, ndo urudi 2019 na 2021, tamthilia, na ya 2024 uimalizie na watoto, wao wataifurahia bila maswali. Usiangalie yoyote kwenye simu, tafadhali, ile ya 2014 ukiiangalia kwenye simu ni mchana na usiku tu vinapishana. Zima taa, washa spika. Na majina yakianza kupita mwishoni, kwenye ya 2017 na ya 2019 kaa mpaka mwisho kabisa kuna kipande cha ziada, ile ya 2017 ndo wanakuonyesha michoro ya pangoni ya wale watatu wanaokuja na Godzilla. Ya 2024 haina kitu, zima ulale.